Kopo la Shabu la Mjomba

4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umelala chali kama ulivyoamriwa, si umekaa kitako unawafundisha wauguzi kutandika shuka. Huku tu wazima. Mama anakusalimu sana, anasema ukitaka chochote umtajie, ila usimtajie sigara. Kikohozi chake kimepungua, sasa anakohoa anapotaka kusikilizwa tu.

Karakana inakwenda. Nimemaliza kujalidi zile rejista sita za halmashauri, na sasa nimo kwenye vitabu arobaini vya maktaba ya watoto. Migongo yote ilikuwa imeachia. Panya nao wamepata kichwa tangu uondoke. Wameguguna kona ya rejista moja, lakini nimeifunika kwa ngozi, wala usiulize zaidi.

Sasa Karani. Usishtuke, mbwa wako yupo na anabweka. Jana nilipika gundi kama ulivyonifundisha, unga, maji, na ile shabu ya kwenye kopo, jiwe jeupe la kusafishia maji lililosagwa, ili wadudu wasiile. Nikaitua sufuria chini mlangoni ipoe, kama unavyofanya wewe. Tofauti ni kwamba wewe humfunga Karani kwanza, mimi sikumfunga. Mteja akaniita nje, na niliporudi bwana mkubwa alikuwa anasugua sufuria kwa ulimi, mkia juu. Unamjua, gundi ikinukia uji huona kapikiwa yeye. Alikuwa amekula nusu.

Nilimpakia kwenye kitoroli cha vitabu, mguu niponye hadi kwa daktari wa mifugo, yule mama aliyehamia nyuma ya soko. Akamtapisha. Akauliza gundi ina nini, nikamtajia. Akasema shabu kidogo haiui mbwa wa ukubwa ule, nirudi naye nyumbani nimwangalie. Leo amekula na amebwekea baiskeli tatu. Nimekuandikia kwa sababu najua mtu akija kukutazama huko atakusimulia kwa kutia chumvi.

Pona upesi. Wateja wanakuulizia, nami nimechoka kujibu.

Mpwa wako


8 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe, leo sina salamu ndefu. Mama mzima, mimi mzima. Karani si mzima.

Juzi alianza kulala kutwa. Jana asubuhi akainuka kunywa maji, na bakuli likabaki na utepe mwekundu. Nikadhani kajikata ulimi. Nilipomfungua mdomo nikaona fizi zimekuwa nyeupe, na damu inachuruzika pembeni mwa meno wala hakuna kidonda.

Daktari alikuwa na mbuzi mezani. Alipomwona Karani kwenye kitoroli alimshusha mbuzi yeye mwenyewe. Akamchoma sindano achukue damu ya kupima, na lile tundu dogo likakataa kufunga. Dakika kumi nzima nimeshikilia pamba, Mjomba, na pamba inaloa mikononi mwangu. Daktari akanitazama akasema, "Dada wa gundi, shabu haifanyi hivi."

Anasema vitu viwili huvujisha damu namna hii. Ama ni homa ya kupe iliyomzidi, ama ni aina fulani ya sumu ya panya. Tiba zake hazifanani hata kidogo, na dawa ya moja haimfai mwenye nyingine. Ameniuliza mara tatu kama tuna sumu nyumbani. Nimekataa mara tatu, maana kweli hatuna. Kisha akauliza, "Na hilo kopo la shabu, alinunua nani?"

Nimekwenda kulitazama. Ni kopo la maziwa ya unga, karatasi yake imekwanguliwa. Shabu ninayoijua mimi ina chenga, hii ni laini kama poda. Daktari ameipeleka kidogo maabara, lakini majibu ni baada ya wiki sita. Nimepiga simu hospitalini kwenu mara nne. Wanasema wagonjwa wa macho hawasogezwi, niache ujumbe. Niache ujumbe gani kwa muuguzi?

Nijibu kwa neno moja tu. Ni shabu, au si shabu?

Mpwa wako


12 Machi

Mpwa wangu, Bi Haraka,

Marahaba. Anayekuandikia ni jirani yangu wa kitanda cha pili, mkaguzi wa shule mstaafu, mwenye jicho moja zima na hati nzuri kuliko yako. Mimi nimefungwa macho yote mawili. Kazi yangu ni kukoroma na kusikiliza redio za watu. Daktari wangu anasema nikitulia wiki sita, nisiiname, nisiguse kitambaa, nitasoma tena hata yale maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa. Msalimu dada yangu. Mwambie sigara nimeiacha, kwa sababu hapa hakuna anayeniwashia.

Barua yako ya tarehe nne imesomwa hapa kwa sauti, na wodi nzima ilicheka ulipofika kwenye kitoroli. Mimi pia nilicheka, halafu nikaacha. Alikula nusu ya sufuria kubwa, au ile ndogo? Uliweka kijiko kimoja kama nilivyokuagiza? Mpe maziwa. Mtazame fizi kila asubuhi, na utazame rangi ya mkojo. Gundi iliyobaki kaimwage mbali. Kopo lifunge, uliweke juu ya kabati, asilichezee mtu. Na kwa daktari huyo usirudi ila pakiwa na lazima, maana madaktari wapya hupenda maswali.

Karani nilimtoa mwenyewe kwenye boksi la karatasi, alikuwa anaenea kiganjani. Miaka kumi analala chini ya meza yangu. Nitunzie. Usiponiandikia habari zake wiki hii nitajua kuna jambo.

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe kumi na mbili imefika juzi. Ile yangu ya tarehe nane hujaijibu, au umeijibu na posta imelala nayo. Hii nampa dereva wa basi, itakufikia kesho kutwa. Mama anakusalimu. Anakwenda kulia bafuni akidhani simsikii.

Nani alikuambia nimtazame fizi? Katika barua yangu ya kwanza sikuandika neno fizi. Mimi huandika mara mbili, nakala naiweka, uliyenifundisha ni wewe. Nimeipitia nakala hiyo mstari kwa mstari. Fizi hazimo.

Daktari ilibidi abahatishe. Alimpa dawa ya kupe pamoja na vidonge vya kugandisha damu, wiki nzima. Karani akainuka, akala, akaenda kujilaza mlangoni, tukapumua. Tarehe kumi na tano vidonge vikasimamishwa. Jana goti lake la nyuma limevimba, limejaa damu kwa ndani. Anapumua kwa kifua kizima. Nikimwita anageuza macho, kichwa hakiinuki.

Daktari sasa anaona ni sumu, lakini hana hakika, na sumu nazo hazilingani. Zipo zinazoisha mwilini kwa siku chache, na ipo inayokaa zaidi ya mwezi. Amebaki na vidonge vya siku tano. Vingine huagizwa kutoka mbali, naye lazima aandike vya sumu gani na vya muda gani. "Niletee jina," ananiambia kila nikiingia. "Bila jina namtibu nikiwa gizani."

Jumanne mkutubi wa maktaba ya watoto alikuja kuchukua vitabu vyake arobaini. Nimemwambia gundi haijakauka. Akacheka, akasema gundi yako hukauka kwa siku moja. Mjomba, nakumbuka siku alipokuuliza hapa hapa mezani kama gundi yako ina kitu kibaya, kwa sababu watoto wake wadogo hutafuna pembe za vitabu. Hukumjibu kwa mdomo. Ulichovya kidole ukalamba, akaondoka ameridhika. Mimi nilikuwepo, na niliona fahari kuwa mpwa wako. Ile gundi uliyoilamba, ulikuwa umeshaitia shabu au bado?

Mpwa wako


24 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zako mbili nimesomewa. Mkaguzi amezisoma kwa sauti ya chini, namshukuru kwa hilo. Mimi sijambo. Chakula cha hapa si kibaya. Kitanda cha dirishani kimepata mgonjwa mpya, anaimba.

Kuhusu kopo, mambo mengine hayaandikiki kwa mkono wa mtu, hata awe mtu mwema namna gani. Shabu ni shabu. Nikitoka hapa mwezi wa tano tutakaa tuzungumze. Mwambie daktari aendelee na dawa ya kupe. Vitabu vya maktaba uwape wenyewe, watoto hawangoji.

Mjomba wako

Mimi mwandishi naongeza bila ruhusa yake. Hajala tangu jana. Barua yako ya mwisho amenisomesha mara tano. Tukifika kwenye goti la mbwa ananiambia basi, halafu ananiambia endelea.


25 Machi, asubuhi

Mpwa wangu,

Mistari inapanda na kushuka, nivumilie. Wenzangu wamekwenda kunywa chai. Nimeinua kitambaa cha jicho la kulia. Mwanga unaniwasha kama pilipili.

Si shabu. Ni sumu ya panya, ile ya pakiti nyekundu ambayo wachuuzi huiita Buriani. Aliyeniuzia alijisifu kwamba panya akiila leo hata mwezi ujao haponi. Ondoka sasa hivi, kampe daktari jina hilo, mengine utayasoma ukirudi.

Umempa? Haya, soma.

Ulikuwa darasa la pili panya walipoingia karakana wakala kazi ya miezi minne. Gundi ya unga ni chakula, na shabu waliilamba wakaomba nyingine. Wateja wakanikimbia, nikabaki mimi na meza. Ndipo nikaanza kutia kijiko kimoja cha Buriani. Panya wakahama. Watu wakasema mkono wangu una baraka, nami nikawaacha waseme. Siku ile ya mkutubi nilichovya kidole kwenye sufuria ambayo sijaitia kitu. Nilijua ninachofanya, mpwa wangu. Nililamba nikimtazama usoni.

Sikuweza kumwambia mkaguzi aandike haya. Amekagua shule miaka thelathini. Angeandika, halafu angenitazama, nami nisingeona ananitazamaje.

Mkutubi usimwambie. Nakuomba. Kijiko kimoja katika sufuria nzima si kitu, na hakuna mtoto anayekula jalada zima. Nimekupa unachotaka, nami nistiri.

Niambie kama Karani yu hai. Usinifiche kama nilivyokuficha. Nasikia viatu vya muuguzi.


1 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Bahasha yako aliileta dereva tarehe ishirini na saba, saa nne asubuhi. Nilipofika kwenye jina niliondoka na barua mkononi, sikufunga hata mlango. Daktari alilisoma mwenyewe, akapiga simu papo hapo. Sauti yake ilikuwa ya kuamuru, nami nilitaka kumkumbatia.

Vile vidonge vya siku tano vilikuwa vimekwisha, vipya vilichukua siku mbili kufika, na Karani hakuwa na siku mbili. Fizi zilikuwa zimepoteza rangi kabisa. Daktari akaenda kwa mlinzi wa ghala la mbao akaazima mbwa wake, dume kubwa jeusi, akalilaza kwa dawa mezani, akachota damu akamtia Karani. Mlinzi alisimama pembeni akimwambia mbwa wake, "Tulia baba, unamsaidia mwenzio." Nilimshika Karani mguu ili mpira usichomoke. Ulikuwa wa baridi, halafu taratibu ukaanza kupata joto.

Leo ni siku ya tatu ya vidonge. Anameza. Hainuki. Daktari hataki kusema chochote, na mimi nimeacha kumuuliza kwa sababu naogopa atanijibu.

Sasa sikiliza langu. Uliniuliza niliweka vijiko vingapi, nami nikapita swali hilo kimya kimya. Niliweka vitatu. Panya walikuwa wanatukera, nikasema niongeze shabu kidogo, shabu ina ubaya gani? Nilinyamaza kwa aibu ya kutokufuata agizo. Ungeniambia ni sumu, nisingeongeza hata chembe. Nisingeiacha sufuria ile chini hata kwa kufumba na kufumbua. Ulinipa sumu mkononi ukaniambia ni shabu, ukasafiri.

Nimekasirika, Mjomba. Sijawahi kukuandikia neno hili, lakini ndivyo nilivyo. Vitabu arobaini vya watoto viko kabatini, nimevifungia, na ufunguo nauvaa shingoni. Vile ulivyojalidi wewe miaka yote viko mikononi mwa watoto sasa hivi. Unaniambia mtoto hali jalada zima. Karani hakuambiwa ale nusu sufuria.

Mkutubi anakuja kila Jumanne, nami nampiga chenga kila Jumanne. Nakupa hadi mwisho wa mwezi huu umwandikie mwenyewe. Ukishindwa nitakwenda mimi, na kopo nitakwenda nalo.

Mama hajui lolote. Anakusalimu.

Mpwa wako


9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Unaona hati imenyooka tena, mkaguzi amerudi kazini.

Nianze na la kwangu ili liishe. Daktari aliona kitambaa kimekaa upande, akauliza, nikasema kweli. Jicho la kulia limeingia uchafu, likatunga usaha, na sasa halioni tena. La kushoto linaendelea vizuri. Usilie, wala usimwambie dada yangu mpaka nifike. Nililifungua kwa mkono wangu na akili yangu, na kama ni kulifungua tena kwa ajili ya mbwa yule ningelifungua.

Nimemwambia mkaguzi kila kitu, kuanzia panya wa kwanza. Nilisikia kalamu ikitua mezani. Chai ikaletwa, ikapoa. Kisha akaniuliza ni vitabu vingapi. Nikasema sijui. Akasema, "Basi anza kukumbuka," na tangu hapo hajanipa nafasi ya kupumua. Siku tatu ananikalia kichwani, mwaka huu vingapi, mwaka ule vingapi, vya picha au vya hadithi. Tumefika mia mbili na kumi na mbili, ukiondoa arobaini ulivyovifungia. Nilidhani angekuwa mpole zaidi. Hakuwa, na nashukuru.

Barua ya mkutubi imo humu, wazi. Isome kwanza. Nimetia sahihi kwa kupapasa. Mpelekee kwa mkono, umpe, usimweleze lolote la kunipunguzia. Nilipokuomba unistiri nilikuwa mwoga. Sikutaka kuliandika neno hilo, lakini mkaguzi amekataa kuandika jingine.

Na vile vijiko vitatu ni vyangu, vyote. Usivibebe.

Hujaniambia kama Karani ameinuka.

Mjomba wako


26 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama mzima, na amejua habari ya jicho. Alinitazama tu usoni nikajikuta nimesema. Amelia mbele yangu safari hii, kisha amekutukana vizuri, kisha ameanza kukushonea foronya mpya.

Karani yu hai. Aliinuka tarehe kumi na tatu, akasimama mlangoni akiyumba, akakaa. Goti limenywea. Vidonge anaendelea navyo hadi katikati ya Mei, na daktari sasa anathubutu kusema atapona.

Mkutubi nilimpelekea barua maktaba siku ile ile ilipofika. Aliisoma kwa kusimama, akarudia toka mwanzo. Nilingoja anifokee. Alikunja barua, akachukua mkoba wake, akatoka bila hata kuniaga. Nikajua tumekwisha. Siku nane sikusikia neno, na kila mlango ulipogongwa nilidhani ni polisi.

Leo asubuhi gari la maktaba limesimama mbele ya karakana. Yeye na dereva wakaanza kushusha maboksi. Vitabu mia mbili na kumi na mbili, hesabu yenu imetimia. Kumi na tisa vilikuwa vimeazimwa, amevifuata nyumba kwa nyumba kwa miguu, na kila nyumba amemuuliza mama kama mtoto wake aliwahi kutoka damu ovyo. Hakuna. Alinitamkia hivyo, "Hakuna," akarudi garini kuchukua boksi jingine.

Kisha akauliza mbwa yuko wapi. Nikamwonyesha. Alichuchumaa mbele ya Karani kwa muda mrefu, akampandisha mdomo kwa kidole akatazama fizi. Alipoinuka alijipangusa magoti.

"Mwambie mjomba wako simsamehe," akasema. "Na mwambie sina fundi mwingine. Aje avifumue vyote kwa mikono yake, avijalidi upya. Mimi nitakaa kwenye kiti hiki nimtazame akipika gundi, tangu unga hadi maji."

Nikamwambia nitakuambia. Nimekuambia.

Maboksi yamejaa hadi dirishani, napita kwa ubavu. Kopo nimempa daktari, anajua pa kuliteketeza. Tuandikie siku ya basi lako tuje kukupokea. Kila asubuhi namtembeza Karani polepole hadi kona na kurudi, na namweka mkono wangu wa kulia, kwa sababu upande huo ndio hutaona. Mwanzoni alikuwa anarudi kushoto. Sasa amezoea.

Mpwa wako